Hakuhamishwa, Amefariki

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wakazi wenzangu wa nyumba ya wazee mliokuja na mikongojo yenu, wenye viti wakae, wasio na viti waegemee popote panaposhikika, kwa sababu historia hii si fupi, na marehemu dada yangu mwenyewe aliagiza isifupishwe. Ninayesoma ni mdogo wake wa tumbo moja, alinizidi miaka minne, na kwa utaratibu wa kawaida karatasi hizi zingesomwa na mwanawe wa kwanza, ambaye ndiye msemaji wa familia na ana sauti ya darasani, lakini marehemu aliacha ameandika kwa mkono wake kwamba historia yake isomwe na mimi, akapigia mistari miwili chini ya jina langu, na sababu yake mtaielewa tukifika ukurasa wa tatu. Niseme mapema pia kwamba jana mchana nimeombwa, kwa adabu kabisa, ukurasa huo niuruke. Sitauruka.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 11 Machi 1941, asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa baba yetu, fundi seremala wa karakana hiyo, na mama yetu, mpishi wa shule. Mama alikuwa akituambia kwamba watoto wengine wote walizaliwa wakilia, ila huyu alizaliwa akifoka, na mkunga akamshika miguu akasema, haya, huyu ana neno lake. Kati ya watoto hao watano, leo nimebaki mimi peke yangu.

Alianza shule Januari 1949, shule ya msingi ya mtaani kwetu, na mwaka 1953 mama alipougua mgongo, baba aliamua dada aache masomo ili ashike nyumba. Dada hakubisha, kubisha na baba hakukuwezekana, alichofanya ni kumaliza kazi zote za nyumbani kabla jua halijachomoza, akavaa sare yake, akaenda kusimama kwenye mlango wa karakana mahali baba alipopitia, kimya, mikono nyuma, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mafundi wenzake baba wakaanza kumsalimia dada kwa kumwita bosi, na siku ya sita baba, kwa aibu zaidi kuliko huruma, akamwambia, nenda shule, unaniharibia kazi. Alimaliza masomo yake ya sekondari Desemba 1959, wa tatu darasani, na ile nafasi ya tatu aliilalamikia mpaka uzeeni.

Januari 1960 alijiunga na chuo cha uuguzi, akahitimu Desemba 1962, na tarehe 4 Februari 1963 aliajiriwa katika hospitali ya wilaya, wodi ya wanawake, alipofanya kazi miaka thelathini na mitatu bila kuhama, kumi akiwa muuguzi wa kawaida na iliyobaki akiwa muuguzi mkuu wa wodi, mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 1996. Wauguzi wastaafu mlioko hapa mnajua ninachotaka kusema, na wengine nitawaeleza, maana bila hilo hamtamwelewa. Kila zamu inapobadilika hospitalini, anayetoka humkabidhi wodi anayeingia, wanapita pamoja kitanda kwa kitanda, kila mgonjwa anatajwa kwa jina na hali yake, na wakifika kwenye kitanda kitupu hawakipiti hivi hivi, lazima isemwe kwa sauti, aliyekuwa hapa ameruhusiwa, au amehamishiwa wodi fulani, au amefariki, saa ngapi na kwa ugonjwa gani. Kwa dada yangu, kitanda kitupu kisichotolewa maelezo kilikuwa kosa kubwa kuliko sindano iliyosahauliwa, na wasichana aliowafundisha wanasema alikuwa radhi kuzuia zamu nzima isiende nyumbani, watu wanasinzia wamesimama, mpaka kitanda namba kumi na moja kisemewe. Walimpa jina la Mama Zamu, naye alijifanya halimpendezi.

Ilikuwa katika wodi hiyo hiyo alipokutana na fundi umeme wa hospitali, shemeji yangu, aliyekuja kutengeneza taa moja na akarudi kuitengeneza mara saba, na mara ya nane dada alimwuliza kama tatizo liko kwenye taa au kwa fundi. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 20 Agosti 1966, wakaishi pamoja miaka thelathini na miwili kasoro miezi miwili, hadi shemeji alipotutoka tarehe 14 Juni 1998, na katika miaka yote hiyo walinuniana mara nyingi, kwa sababu mmoja alikuwa mbishi na mwingine alikuwa mbishi zaidi, lakini hawakuwahi kulala bila kupeana habari za kazini.

Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza ni huyu mwanangu mwalimu wa hesabu, aliyezaliwa mwaka 1967, wa pili ni mwanangu mshonaji wa sare za shule, aliyezaliwa mwaka 1970, na wa tatu ni binti aliyezaliwa tarehe 2 Oktoba 1973 na kufariki tarehe 9 Julai 1974. Wapo walioniambia mtoto huyo hana haja ya kutajwa, ni zamani mno, lakini dada alipoulizwa ana watoto wangapi alijibu watatu, kwa hiyo na mimi nasema watatu. Mtoto huyo alipelekwa hospitali kubwa ya mji mwingine akiwa na homa, dada akafika kesho yake na nguo safi na chupa ya maziwa, akakuta kitanda kitupu, akamwuliza mhudumu, mhudumu akaogopa kumwambia, akasema, amehamishwa. Basi mama mtu akazunguka na ile chupa wodi moja baada ya nyingine, ghorofa ya chini, ghorofa ya juu, jengo la nyuma, akaulizia, akaambiwa jaribu kule, akaenda kule, saa nne nzima, maziwa yakaganda, mpaka mfagiaji mmoja alipomshika mkono na kumkalisha chini na kumwambia ukweli. Dada alikuwa akisema kifo cha mtoto amekisamehe, kwa sababu homa haina akili, ila zile saa nne hajazisamehe wala hana mpango.

Baada ya kustaafu, marehemu aliishi nyumbani kwake, akapima presha za mtaa mzima bila kuombwa, mpaka Septemba 2014 alipopanda kigoda kubadilisha balbu, akaanguka, akavunjika nyonga. Watoto wake wote wawili walitaka akaishi kwao, na walitaka kwa moyo, nashuhudia hilo, lakini aliwajibu kwamba hataki kuwa mgeni wa kudumu kwenye sebule ya mtu, hata kama mtu huyo alimzaa mwenyewe, na tarehe 1 Februari 2015 akahamia nyumba ya wazee, chumba namba kumi na nne, ghorofa ya chini, dirisha linalotazama kamba za kuanikia nguo. Mimi nilimfuata Januari 2016, chumba namba kumi na tano, na kwa miaka karibu tisa kati yetu kulikuwa na ukuta mmoja tu, ambao hata hivyo haukuzuia amri zake.

Sasa nimefika ukurasa wa tatu. Nyumba yetu ina vyumba thelathini na viwili, na kila mwezi kalenda mpya hubandikwa karibu na mlango wa jikoni, Jumatatu ya kwanza kupimwa uzito na presha, Jumatano mazoezi ya kwenye kiti, Ijumaa kinyozi, na Jumamosi ya mwisho, saa kumi jioni, kikao cha wakazi wote ukumbini, na chai. Mwisho wa mwezi hujazwa pia fomu ya ustawi, yenye nyuso tatu, uso unaocheka, uso wa kawaida na uso wa huzuni, unaweka alama kwenye uso wako, fomu inakwenda ofisini na kupelekwa kwa wakubwa. Mwezi wake wa kwanza dada alichora uso wa nne, umetoa ulimi, akaweka alama hapo. Meneja alimwita kumwuliza, naye akamwambia kwamba hali yake ni njema kabisa, ni fomu ndiyo mgonjwa.

Niwe mkweli kuhusu meneja, ambaye yupo hapa nasi na nimemwona ameinama, si mtu mbaya, anajua dawa za kila mmoja wetu bila kutazama daftari, na magodoro mapya ni yeye aliyeyapigania. Lakini kulikuwa na desturi katika nyumba ile, sijui ilianzishwa na nani, kwamba mkazi akifariki wengine hawaambiwi, kadi ya jina inatolewa mlangoni, kiti chake kinaondolewa mezani, viti vingine vinasogezwa kuziba pengo, na ukiuliza unajibiwa kwa sauti laini, amehamishwa. Walifanya hivyo kwa kutuhurumia. Walisema wazee wakisikia habari za vifo wanashuka moyo, hawali, na nyuso zinazocheka zinapungua kwenye fomu.

Mnajua basi neno hilo lilimwangukia nani. Septemba 2016, mwalimu mstaafu wa chumba namba tisa, aliyekula meza moja na dada kwa mwaka mmoja na nusu, na aliyeshindana naye kila siku nani amalize kwanza mafumbo ya gazeti, hakuonekana asubuhi, na dada akaambiwa amehamishwa. Alizunguka siku tatu, na mkongojo wake na nyonga yake yenye chuma, akaulizia ofisini, jikoni, getini, kwa dereva, mpaka dobi alipomwambia, huku akikunja shuka ili asimtazame usoni, kwamba mwalimu alifariki tarehe 6 na ameshazikwa. Mimi nilikuwapo dada aliporudi kutoka kwa dobi. Hakulia, alikaa kitandani, akaniambia, mdogo wangu, safari hii nimezunguka siku tatu.

Jumamosi ya tarehe 24 ya mwezi huo, kikao kilipofika kwenye mengineyo, ambapo kwa kawaida tunalalamikia supu, dada alisimama, akajishikilia kwenye kiti cha mbele yake, akaanza kukabidhi zamu. Chumba namba moja, bibi wa maua, yupo, goti linamsumbua. Chumba namba mbili, dereva mstaafu, yupo, analala vizuri. Akaenda hivyo hivyo, hakuharakisha, watu wakaanza kugeuka wakisikia wanatajwa, wengine wanacheka, na alipofika namba tisa akasema, chumba namba tisa ni kitupu, mwalimu amefariki tarehe 6 Septemba, homa ya mapafu, hakuhamishwa. Akaendelea na namba kumi kama kawaida. Meneja alisimama, akakaa, akasimama tena. Dereva mstaafu ndiye aliyesema kwanza, kwamba mwalimu alikuwa akimsomea barua za mwanawe kwa sababu macho yake yameisha, akaanza kulia, na bibi wa maua akasema mwalimu alikuwa mwizi mkubwa wa sukari, watu wakacheka huku wanalia, na chai siku hiyo ilinyweka mpaka giza likaingia. Mimi niliogopa, nilitaka dada akae chini.

Toka hapo alisoma kila mwezi, vyumba vyote thelathini na viwili, naye kwa sababu ofisi haikumpa habari alijitafutia mwenyewe, kwa dobi, kwa mpishi, kwa macho yake. Na hapo ndipo alipokosea, kosa ambalo muuguzi tu angelifanya. Hospitalini mtu akifariki, godoro lake hutolewa nje likapigwe jua. Februari 2019 dada aliamka, akaona kupitia dirisha lake godoro la chumba namba ishirini na mbili limeegemezwa kwenye kamba za nguo, shuka zimevuliwa, mwenye chumba, fundi saa mstaafu, hayupo tangu juzi, akauliza ofisini akajibiwa kwamba habari za wakazi ni siri, akajumlisha. Jumamosi ya tarehe 23 akasoma kwamba chumba namba ishirini na mbili ni kitupu, fundi saa amefariki, sababu haijajulikana, tukamsimamia kimya dakika nzima, tukamsifu, bibi wa maua akaungama mbele za watu kwamba alikuwa akimpenda, na Jumatatu asubuhi fundi saa akaingia getini kwa miguu yake, jicho moja limefungwa bandeji, katoka kutolewa mtoto wa jicho, na godoro lake lilikuwa limemwagikiwa uji.

Nyumba nzima ilipiga kelele. Mmoja alidondosha sahani. Fundi saa alipoelezwa akauliza ni nani aliyesema nini, akataka arudiwe neno kwa neno, hasa sehemu ya bibi wa maua. Dada alimwomba radhi mbele ya watu wote wakati wa chakula cha mchana, alisema nimekosea, ni kosa langu la kazi, miaka thelathini na mitatu sikuwahi kulifanya, na fundi saa, ambaye yupo hapa mstari wa pili na anatikisa kichwa kukubali, akajibu kwamba angekuwa amehamishwa kama wengine asingejua mpaka leo kwamba anapendwa. Lakini ofisi ilipata ilichokuwa inakitafuta. Mengineyo yakafutwa kwenye utaratibu wa kikao, na barua ikaandaliwa, isemayo kwamba wakazi waliotia sahihi wanaomba usomaji wa vyumba usitishwe kwa kuwa unawaondolea utulivu, ikabandikwa ubaoni ikiwa na sahihi kumi na tisa.

Sahihi ya saba ilikuwa yangu. Ndugu zangu, hii ndiyo sababu niliombwa niruke, na wengine walidhani wananihifadhi mimi. Hakuna aliyenilazimisha, hakuna aliyenitisha. Maisha yangu yote nilikuwa mpiga chapa, nilichapa maneno ya watu wengine na sikuongeza langu, na barua ilipoletwa mlangoni niliiona kuwa imepangwa vizuri, lakini ukweli ni kwamba kila Jumamosi ya mwisho dada alipofika namba kumi na nne nilianza kuhesabu, na baada ya namba kumi na nne ni mimi, na niliogopa kusikia namba yangu ikitajwa kwa sauti ile ile iliyotangaza wafu. Nilitaka ninyamaziwe. Nilimsaliti dada yangu kwa woga, nalisema mbele yake akiwa amelala hapo, na nililisema mbele yake akiwa hai pia.

Dada aliisoma barua ubaoni, jina moja baada ya jingine, na hakunisemesha siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili aliingia chumbani kwangu bila kubisha, ameshika kipimo chake cha presha, akasema, sahihi yako imetetemeka, hukuwa unaandika hivyo, lete mkono. Presha yangu ilikuwa juu kiasi kwamba nililazwa siku hiyo hiyo, na daktari akasema ningechelewa wiki moja tungekuwa tunazungumza mengine. Kwa hiyo mimi ninayesoma hapa nimesimama kwa sababu mtu niliyemsaliti aliutazama usaliti wangu kwa makini akaona ugonjwa. Nilipojaribu kumwomba msamaha alinikata jicho, akaniambia nimeze vidonge kwanza.

Usomaji nao haukusitishwa. Jumamosi ya tarehe 30 Machi 2019, wakati kikao kinaendelea ndani bila mengineyo, dada alikaa nje kwenye benchi karibu na kamba za nguo, saa kumi kamili, akasoma vyumba vyote, msikilizaji akiwa mmoja, fundi saa na jicho lake jipya. Mwezi uliofuata walikuwa sita. Mwezi wa Juni walikuwa kumi na wanne, mimi nikiwemo, nikiwa nimejificha nyuma ya mashuka. Ilipofika Oktoba, ukumbini alibaki meneja, birika, na mkazi mmoja asiyesikia, na tarehe 30 Novemba 2019 meneja, kwa heshima yake mwenyewe, akafungua mlango wa ukumbi akasema, jamani ingieni, mengineyo yapo. Kwenye kumbukumbu za kikao hakuwahi kuandika zaidi ya kwamba baadhi ya wakazi walitoa maoni. Mwaka ule dunia nzima ilipojifungia ndani na vikao vikafa, dada alisimama katikati ya korido, milango yetu ikiwa wazi kiasi cha kupitisha sauti, akasoma, na ndio mwaka alioyataja majina ya marehemu wengi zaidi, na ndio mwaka ambao hakuna hata mmoja wetu aliyetaka anyamaze.

Kuhusu ugonjwa wake, Mei 2022 miguu ilianza kuvimba, vipimo vikaonyesha moyo umepanuka, akatibiwa kwa vidonge ambavyo alivijua kuliko waliompa. Mwaka huu amelazwa mara tatu, Februari, Juni na Septemba, na mara ya tatu alimwambia daktari kwamba hatarudi tena, daktari akamweleza bila kuzunguka nini kitatokea, dada akamshukuru, akasema huyo kijana amefundishwa vizuri. Jumanne, tarehe 26 Novemba 2024, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, katika chumba namba kumi na nne, mimi nikiwa nimemshika mkono wa kushoto na mhudumu amemshika wa kulia, marehemu alifariki dunia kwa moyo kushindwa kufanya kazi, akiwa na umri wa miaka themanini na mitatu, miezi minane na siku kumi na tano. Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, vitukuu wawili, na mimi.

Keshoye, nilipotoka kwenda kunywa chai, nikakuta kadi ya jina lake imeshatolewa mlangoni. Mambo haya yanafanywa na mikono iliyozoea, simlaumu mtu. Nilirudi chumbani, nikachukua karatasi, nikaandika jina lake, na chini yake tarehe na saa na ugonjwa, nikaibandika mwenyewe, na mkono haukutetemeka. Halafu nikaona kwenye kalenda, karibu na mlango wa jikoni, tangazo jipya, kwamba kikao cha mwezi huu kimefutwa kwa heshima ya marehemu. Nimelisoma tangazo hilo mara nyingi tangu Jumatano, na kila nikilisoma nafoka.

Familia inatoa shukrani kwa daktari aliyemwambia ukweli, kwa wauguzi wa wodi walioruhusu awakosoe, kwa wahudumu wetu, hasa yule aliyekuwa mkono wa kulia, kwa mpishi, kwa dobi ambaye miaka minane alikuwa masikio ya dada na hatuogopi tena kulisema, kwa majirani wa mtaa wake wa zamani, kwa wauguzi wastaafu waliokuja na sare zao ingawa vifungo vinapigana na matumbo, na kwa meneja, aliyelipa basi la kutuleta na aliyekaa akasikiliza mpaka hapa bila kuondoka.

Meneja, mwanangu, ulituambia asubuhi kwamba tukitoka makaburini kila mmoja aende chumbani kwake akapumzike. Leo ni Jumamosi ya mwisho. Kikao ni saa kumi kamili ukumbini, na ukumbi ukiwa umefungwa benchi tunalijua lilipo, vyumba vyote thelathini na viwili vitasomwa, nami ndiye nitakayevisoma, sauti yangu ni ndogo, mtasogea. Nawe uje, na safari hii uandike kilichosemwa.

Dada yangu, kati yetu sote tuliopo hapa ni wewe peke yako uliyepewa ruhusa ya kupumzika leo. Ichukue, pumzika kwa amani yako yote. Sisi tuna kikao.